Ubao wa Mdachi na Vitunguu vya Maulidi

Jumatatu, mwezi 5 Mfunguo Sita, 1329 (Wadachi wanasema ni 1911, shauri yao)

Kisu kimemponyoka Riziki tena. Leo mara mbili, na mboga bado hazijaisha. Kasema kisu kinateleza. Kisu gani! Mpini wake mkavu kama kisigino changu. Ni vidole. Vimevimba tangu mvua za kwanza, havikunjiki, asubuhi vinakaa wazi kama vya mtu anayekataa chai. Mke wangu hasemi. Mimi naona. Nina jicho moja tu zima, lakini lile zima ni zima kweli.

Shida iko hapa. Jumapili wanawake wa hapa Rumonge watakuja uani kwetu kukata vitunguu vya pilau ya Maulidi. Mkeka wanaoketi ni wa Riziki, yeye ndiye mkubwa wao. Ameushika tangu meno yangu yote yalipokuwa kinywani. Yeye hukata vyembamba kuliko wote, wengine humfuata. Mwenye mkeka asipoweza kukata, mkeka unahamia kwa mwingine. Bibi aliyemtangulia aliondolewa kwa maneno matamu: pumzika mama, pumzika. Akapumzika mpaka akaacha kutoka nje.

Na leo nimemsikia Jokha, jirani, akimwambia Riziki juu ya ua: pumzika dada. Jokha ni mke wa Swedi. Swedi ndiye aliyemposa Riziki mwaka ule ule nilipomposa mimi. Yeye alikuwa na ng'ombe. Mimi nilikuwa na mdomo. Mdomo huo hajanisamehe mpaka leo.

Lazima nifanye hila.

Jumanne, mwezi 6

Nimekwenda kambini kwa Bwana Mdachi, Mjerumani anayepima barabara ya ziwani. Bwana hayuko, amepanda mashua kwenda Usumbura. Afadhali, maana akiniona hunipa jembe. Radjabu, mpishi wake, kanionyesha kitu. Loo! Ubao mrefu kama mkono, katikati una mwanya, na penye mwanya umelazwa wembe mpana, mshazari. Kashika kabichi, kaisukuma juu ya ubao, huku chini zinaanguka nyuzi! Kabichi nzima imekwisha sijamaliza kusema astaghafiru. Radjabu anasema kabichi hizo Wadachi huzitia chumvi ndani ya pipa, wakangoja zichachuke, halafu wakazila. Kwa hiari yao. Na hawa ndio wanaotutawala.

Nimeazima ubao kwa mikeke mitatu, samaki wabichi wa leo. Radjabu kaniusia. Usishike kwa ncha za vidole, sukuma kwa kiganja kilichonyooka. Kipande kikibaki kidogo, tupa, usikimalizie. Nikamwambia mimi sitoki katika ukoo wa watu wanaotupa kitunguu.

Hila ni hii. Jumapili alfajiri nakata vitunguu kwa siri, najaza sinia, naliweka ubavuni kwa Riziki chini ya kanga. Yeye anaketi na kisu mkononi, wanawake wakigeuka tu, namfunulia. Hakuna atakayejua. Hata Riziki hatajua! (Hapo pana tundu kidogo. Nitaliziba.)

Jumatano, mwezi 7

Nimejifunza ndani ya banda la mbuzi, mlango nimefunga. Muhogo: safi. Tango: safi kabisa, unaona jua upande wa pili. Biringanya: nikaanza kuimba. Nikafika mwisho wa biringanya. Kilibaki kipande kama kifungo. Nikakumbuka ukoo wangu.

Kidole cha shahada kimepungua.

Sikulia. Mbuzi ndiye aliyelia, alishtuka kwa neno nililosema. Nimemwambia Riziki mbuzi kaniuma. Akamtazama mbuzi muda mrefu. Akanitazama mimi. Akaleta manjano ya dawa na kitambaa, akanifunga mwenyewe. Fundo lilimshinda mara ya kwanza, na ya pili, vidole vyake vinakwepana. Mimi nikatazama paa, nikaanza kusifu boriti, nikasema boriti hizi nilizikata msitu wa Kigwena nikiwa kijana, hakuna mfano wake. Nimesema juu ya boriti mpaka fundo likakazika. Angechukua mpaka Isha, ningekuwa bado nazisifu.

Ijumaa, mwezi 9

Maafa!

Baada ya sala Swedi kanipa pole ya kidole. Pole ya Swedi haivumiliki, inakuja na tabasamu. Nikamwambia usinionee huruma, mimi nina mashine ya Kidachi, inakata mboga kama upepo. Habari ya mikono ya Riziki sikusema. Heri ningekatwa ulimi kwanza. Swedi kageuka, watu wasikie. Kisha kwa sauti ya kuadhini, mbele ya watu wote na Sheikh Abdullatif, kaniuliza: Alimasi ndugu yangu, huyo Mdachi hali nguruwe?

 Nimesikia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wakikauka juani.

Nimekimbia kambini, mzee mzima, kanzu nimeishika kama mtoto wa kike. Radjabu kaapa: kabichi tu, na matango. Halafu kajikuna shingo. Kasema labda siku moja, Bwana mwenyewe, usiku wa baridi, na kile kipande chake cha mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa kwa moshi. Labda kwa ubao ule. Labda kwa kisu. Hakumbuki. Radjabu hakumbuki! Mtu anayekumbuka mikeke yangu mitatu, na kwamba mmoja ulikuwa mdogo!

Sheikh kasema dawa iko: maji mara saba, moja kwa udongo, na awepo shahidi. Swedi, kwa wema wake, kajitolea.

Jumamosi, mwezi 10

Ziwani tangu asubuhi. Mimi majini mpaka magotini, ubao mkononi, kidole juu kisilowe. Swedi pwani, ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Akapita muuza mawese, Swedi akamwamkia, akauliza habari za nyumbani, za shamba, za mkwe. Akarudi: tulikuwa ngapi, Alimasi? Nikasema nne. Akasema hana uhakika, na dini haitaki shaka. Tuanze tena.

Tumeanza tena mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika. Ubao ule sasa ni msafi kuliko mimi. Jioni Swedi kamtolea Sheikh ushahidi kwamba ubao umetakasika, kwa kiapo. Hakupenda. Nimefurahi kidogo.

Jumapili, mwezi 11

Adhana ya alfajiri imenikuta bandani na kikapu cha vitunguu. Machozi yananitiririka, pua inatiririka, kitambaa cha kidole kinanasa kwenye wembe. Vipande vimetoka vingine kama nyuzi, vingine kama soli ya kiatu. Mlango ukafunguka. Riziki, na taa.

Kaniuliza ninamlilia nani. Nikasema mbuzi. Akamulika taa kwenye ubao. Basi nikasema yote. Vidole, mkeka, sinia, kanga. Nikasema sitaki uambiwe pumzika. Sauti ikanikatika, vitunguu vile vikali sana.

Akacheka mpaka akakaa juu ya majani ya mbuzi. Kasema: we mzee, unadhani nani asiyejua habari ya vidole vyangu? Jokha ndiye anayenisukia nywele tangu mvua za kwanza! Kasema ameniona siku zote nikitazama paa. Kisha akajifuta macho. Kasema hicho tu ndicho kimemuuma, kwamba kila nikiona mikono yake natazama pengine.

Safari hii paa sikulitazama. Mimi! Nikaishika ile mikono, nikaitazama. Ni ile ile.

Akaomba ubao. Nikakataa, nikamwonyesha kidole changu. Akausogeza hata hivyo. Akaweka nusu ya kitunguu, akalaza kiganja juu, vidole vimenyooka vinaelekea mbinguni, maana kukunjika haviwezi. Akasukuma polepole. Chini pakaanguka kitunguu chembamba, sawa sawa, kama alivyokata mwaka aliokuja kwangu. Kipande kilipobaki kidogo, akakitupa kwa mbuzi. Ukoo wake ni mwingine.

Wanawake walipokuja, aliketi katikati ya mkeka, ubao juu ya mapaja, hakuficha chochote. Kawaambia visu vimenikataa, ubao huu umenikubali. Mimi nilikuwa nyuma ya ua, jicho zima kwenye tundu. Mmoja akaanza kunong'ona juu ya nguruwe. Jokha akamkatiza: mume wangu mwenyewe kahesabu mara saba na kaapa, unamwita Swedi mwongo? Swedi! Shahidi wangu! Kisha Jokha akasogea ubavuni kwa Riziki, akawa anamenya na kumpasulia, Riziki anasukuma. Jokha kasema aliposema pumzika alitaka tu kumenya badala ya Riziki. Hakuna aliyekuwa akitaka mkeka. Wote walitaka zamu ya ubao, na Riziki akawanyima.

Jumatano, mwezi 14

Pilau ilisifiwa. Swedi kala sahani tatu, kasema vitunguu vimezidi.

Bwana Mdachi karudi, ubao umekwenda kwake. Jioni nimemwona Riziki akisukuma kiganja juu ya meza tupu. Haiwezekani. Nitamtengenezea wake. Radjabu kasema nifanye mdogo, kama ule ule, nimwachie seremala. Mawazo ya mpishi! Nimepata panga kuukuu, zuri, na gogo la mvule. Wangu utameza muhogo mzima. Mkono hautatosha, kwa hiyo nimefikiri vizuri: nitakaa juu ya kiti, nisukume kwa unyayo. Peku, ili usiteleze. Vidole vya mkono vitakuwa mbali kabisa na hatari! Nashangaa Wadachi hawakuligundua.

Nimemweleza Riziki. Kasikiliza mpaka mwisho, kauliza mguu gani. Nikasema wa kulia, wenye nguvu. Sasa ameketi mlangoni na shuka kuukuu, anaichana vipande virefu vyembamba, anavikunja, anaviweka karibu na manjano. Sijui nani mgonjwa. Huyu mwanamke ana moyo wa huruma sana.