Vita vya Rafu ya Kilatini

Jumatatu, 3 Machi

Msiba! Nimeingia maktabani asubuhi, nimevua kofia, nimeelekea kwenye kiti changu cha dirishani, na nimekuta tangazo limebandikwa kwenye rafu yangu. (Si yangu kisheria. Ni yangu kwa mazoea, na mazoea, kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi, ni binamu wa sheria.) Tangazo linasema rafu isiyo na wasomaji itaondolewa, na vitabu vyake vitapelekwa ghalani. Ghala lenyewe liko chini ya ngazi. Panya wa huko hawajui Kilatini wala hawana mpango wa kujifunza.

Nieleze, maana jambo likielezwa hupungua makali. Rafu hii ina sarufi ya Kilatini, falsafa ya Warumi, na historia ya Hispania tangu ilipotawaliwa na Roma hadi ilipovuka bahari kutafuta makubwa. Nimefundisha mambo haya maisha yangu yote ya kazi. Wenzangu wa chumba cha walimu wamehama, wengine wametangulia mbele ya haki. Vitabu hivi tu ndivyo ninavyovikuta kila asubuhi palepale nilipoviacha.

Nimemwendea Mkutubi. Alikuwa mwanafunzi wangu. Alilala vipindi vya Kilatini kwa bidii ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote. Ameniamkia kwa adabu, kisha amefungua kitabu kimoja nyuma, kwenye karatasi ya mihuri ya kuazima. Mihuri tele. Yote yangu. Akasema kwa upole, Mwalimu, msomaji mmoja si wasomaji. Nikamwuliza nani anaitaka rafu yangu. Akaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Sikuhitaji jibu. Bwana Kwato! Daktari wa mifugo mstaafu, adui yangu wa kiti cha dirishani. Anataka vitabu vyake vya ng'ombe vitoke kwenye kona ya giza karibu na choo, vije kuota jua mahali pangu. Alikuwa amejificha nyuma ya gazeti, lakini mabega yalikuwa yakicheka.

Mkaguzi kutoka makao makuu anakuja Ijumaa kuamua. Mimi ni mtu wa subira. Nimerudi nyumbani nikaupiga mlango teke. Kidole gumba kimevimba.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Wanataka wasomaji? Watapewa wasomaji mpaka waombe radhi. Nitawatuma watu waazime kila kitabu, wasibakize hata kijitabu, rafu ibaki mbao tupu!

Nimemweleza mke wangu mpango wote tangu mwanzo, pamoja na chimbuko lake katika vita vya Warumi. Alikuwa akikunja shuka. Akauliza, sasa huyo Mkaguzi akija, ataona nini? Nikamwambia mikakati haiendi na kukunja shuka. Akasema sawa, Baba Watoto, basi njoo ushike ncha hii.

Nimeanza na Kinyozi. Nimekaa kwenye kiti chake na kumweleza kwamba hata meza anayowekea vitana ni ya Kilatini: Warumi waliita mensa, Wareno wakairithi, wakavuka nayo bahari, na leo tunaegemea viwiko juu yake bila hata kusema ahsante. Kinyozi akaitazama meza yake kwa mashaka, kama mpangaji aliyebainika kuwa na jina jingine. Nikaendelea na viti. Wateja waliokuwa foleni wakakumbuka shughuli zao, mmoja baada ya mwingine. Kinyozi akaniomba kwa heshima ya mvi zangu nimalize. Akasema ataazima kitabu chochote, ataazima hata maktaba nzima, mradi niinuke.

Hivyo ndivyo elimu inavyoshinda.

Nimemgeukia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuja kututembelea kwa siku chache msimu wa mvua uliopita na bado yupo. Shemeji hukasirika kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya kukosa chumvi, na kwa sababu ya kuulizwa kama chumvi imetosha. Nimemtaka aazime vitabu vya falsafa ya subira. Amefoka kwamba yeye ana subira kuliko wote nyumba hii na atakayebisha atamwona. Amekubali.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu! Kinyozi amekuja na wateja wake, kila mmoja akaondoka na kitabu kwapani. Kinyozi mwenyewe amechukua juzuu ya kwanza ya historia ya Hispania kwa sababu ina unene wa kumwinua mtoto kitini. Shemeji ameondoka na Warumi wote wenye subira. Mke wangu amechukua sarufi ya Kilatini, ili nisiendelee kumweleza, amesema. Mkutubi amepiga mihuri mpaka mkono umemuuma. Amenitazama kwa jicho la mtu anayenusa kitu lakini hana ushahidi.

Rafu ni nyeupe pe! Nimepitisha kidole juu ya mbao. Vumbi na heshima.

Bwana Kwato alisimama akiitazama kwa muda mrefu. Nikamwambia kwa sauti ya huruma kwamba ng'ombe wana bahati, choo kiko karibu. Akauliza watu wamechukua vitabu hivi wafanyie nini, wafungie vitumbua? Nikajibu kwamba wanasoma. Akaguna. Nilipogeuka kwenda kiti cha dirishani nikakuta amekwisha kukikalia.

Ijumaa, 7 Machi

Maafa.

Mkaguzi ni mtu mfupi mwenye koti la kijivu na mwendo wa haraka. Amezunguka maktaba yote mimi nikimfuata nyuma kama mkia. Amefika kwenye rafu yangu. Akasimama. Akauliza rafu tupu inafanya nini mahali penye mwanga mzuri namna hii.

Mkutubi, Mungu ambariki, alimweleza kwamba vitabu vyote vimeazimwa. Mimi nikaongezea kidogo, kuanzia kuanguka kwa Roma. Mkaguzi alinisikiliza hadi nilipovuta pumzi, kisha akasema: “Mzee wangu, aliye safarini hahitaji kitanda.” Kama vitabu vyote vinakaa kwa watu, rafu ya nini? Ng'ombe waletwe. Atapita tena Jumatatu kutia saini.

Miaka yote ile ya kufundisha mantiki, na nimepigwa kwa mantiki! Kwa hoja yangu mwenyewe!

Bwana Kwato amepita akiimba kwa pua. Akaniuliza kama najua vipimo vya rafu ile, maana kuna kitabu chake kimoja cha magonjwa ya kwato ambacho ni kirefu.

Mke wangu amekunja shuka zote za nyumba, hata zile zilizokuwa zimekunjwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango mpya. Vitabu virudi rafuni kabla ya Jumatatu asubuhi, Mkaguzi avikute vimesimama wima kama askari. Jambo dogo. Nitawaomba tu warudishe.

Nimeanza na Shemeji. Nimemkuta amelala kwenye mkeka, kitabu kifuani, uso umetulia kama maji ya mtungi. Nimemwambia arudishe. Akatabasamu. Nikapandisha sauti. Akasema hasira ni mgeni asiye na adabu, tusimpishe kiti. Nikapiga kelele. Akasema ananipenda. Shemeji! Mtu aliyewahi kugombana na mlango! Amesema hawezi kurudisha kabla hajamaliza sura ya kifo, maana anahisi itamfaa mimi nikiendelea hivi.

Nimekimbilia kwa Kinyozi. Mtoto kitini hajainuliwa na kitu, anazama hadi pua. Juzuu ya kwanza iko mikononi mwa mteja mwenye povu nusu ya uso, anasoma kwa sauti, na kila benchi limejaa. Wamefika pale mwana wa mfalme anapokwenda kumwoa binti wa ufalme jirani kwa siri, amevaa kama mtumishi wa wafanyabiashara wa nyumbu, anahudumia mezani, anawalisha nyumbu, na adui wako kila njia. Nimeomba kitabu. Wameninyamazisha. Mimi, mwalimu! Mmoja akasema, mzee, subiri kwanza, kijana wa watu yuko hatarini.

Basi nikatumia silaha kali. Niliwaambia mwisho. Anafika salama, nikasema, wanaoana, falme zinaungana. Haya, hadithi imekwisha, leteni kitabu!

Nilitarajia nyuso zikunjamane. Walishangilia! Yule mwenye povu amenikumbatia, shati limelowa. Kinyozi akazima redio, kitu ambacho sijawahi kuona, akauliza: baada ya harusi, je? Nikasema hayo yako juzuu ya pili. Wote kwa pamoja: iko wapi?

Hapo ndipo nilipojiuliza na mimi. Juzuu ya pili sikuwahi kumpa mtu yeyote.

Nyumbani nimemgeukia mke wangu, tumaini la mwisho. Ameketi na sarufi. Amenieleza matumizi ya kitenzi, taratibu, kwa mifano. Nilijaribu kumkatiza. Akaniomba nisubiri amalize, ndiyo anafika kwenye chimbuko lake. Nimeelewa kwa mara ya kwanza kwa nini wateja wa Kinyozi walikumbuka shughuli zao.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewahi maktabani kuziba rafu kwa magazeti ya zamani, angalau kwa mbali ionekane ina kitu. Sikufika hata mlangoni. Nje pamejaa watu. Kinyozi yuko mbele, mkasi bado mfukoni. Nyuma yake wateja, na mmoja kichwa kimenyolewa upande mmoja tu. Wanataka juzuu ya pili.

Mkutubi amefungua mlango, tumemiminika ndani, akatazama karatasi zake, akasema imeazimwa na daktari.

Vichwa vyote viligeuka. Bwana Kwato alikuwa amekwisha kuwahi kiti cha dirishani. Aliposikia alikificha kitabu chini ya kitabu cha magonjwa ya kwato, na kile kikiwa kirefu namna ile kingefaa, kama asingeacha kidole ndani kushika ukurasa.

Nikamwita msaliti. Nikamwuliza mtu wa ng'ombe anatafuta nini Hispania. Akapandwa na hasira. Akasema yeye alikichukua Alhamisi ileile nilipokuwa nikijigamba, ajue ni upuuzi gani unaowanyima ng'ombe mwanga. Na kumbe humo ndani wamo! Wahispania walipakia ng'ombe melini, wakawavusha bahari, wengine wakatoroka, wakazaana porini mpaka wakajaa nyika nzima, wenye pembe ndefu kama mikono iliyonyooshwa! Alikuwa amesimama, mikono yote imenyooshwa kuonyesha pembe, miwani imeteleza. Akanilaumu mimi. Miaka yote hii nakaa pembeni yake nikimweleza mambo ya wafalme, na sikumwambia neno moja kuhusu ng'ombe!

Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiziruka kurasa hizo.

Kinyozi akasema daktari asome haraka. Daktari akasema ng'ombe hawasomwi haraka. Mwenye kichwa nusu akashika upande mmoja wa kitabu. Mke wangu alikuja kurudisha sarufi, akabadilisha mawazo mlangoni. Na katikati ya zogo hilo ikaonekana koti la kijivu.

Mkaguzi ametazama. Akauliza kimetokea nini. Mkutubi akamjibu, na nitalikumbuka jibu lake hadi kaburini: wasomaji, bwana mkubwa. Wasomaji wa rafu ile tupu.

Mkaguzi akakuna kidevu. Akatangaza kwamba rafu inabaki, na vitabu vya ng'ombe vitapanga daraja lake la chini. Tena rafu isogezwe mbele, karibu na mlango, watu wasikanyagane. Na yeye mwenyewe akauliza, kwa sauti ndogo, kama juzuu ya kwanza imerudi.

Nimelia kidogo. Vumbi.

Bwana Kwato amenipa mkono. Nikampa na mimi. Kisha tukakimbilia kiti cha dirishani. Amewahi yeye, ila amenisogezea nusu.

Jumatano, 12 Machi

Rafu ipo mbele, imefutwa, inang'aa. Ng'ombe wako chini, juu hakuna kitu! Kikirudi kitabu asubuhi, hakifiki hata rafuni, kinapokelewa mkononi. Nimeomba juzuu ya kwanza, kitabu nilichokisoma hadi jalada likalegea. Mkutubi akaniambia nipange foleni kama wengine. Niko nyuma ya Shemeji, ambaye hana haraka, na nyuma ya Mkaguzi, ambaye ametuma barua.

Haiwezekani. Wasomaji wamezidi. Lazima wapunguzwe.

Nimelala chali mchana kutwa nikifikiri, na mpango umekuja, mzuri kuliko yote. Kesho asubuhi nitasimama pale mlangoni, karibu na rafu, na kila anayeingia kuulizia Hispania nitamsimulia utamu wote tangu mwanzo hadi mwisho, nisimfiche kitu, mpaka asione tena sababu ya kusoma.

Nimemweleza mke wangu. Alikuwa na sarufi mkononi na shuka magotini. Akauliza, na wakipenda masimulizi?

Nimemwambia haiwezekani. Nimepanga kuanza na meza.