Mke Wangu na Sura ya Saba ya Kiingereza

Kwa Mkuu wa Shule ya Kiingereza ya Jioni,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya umeme.

Ndugu Mkuu,

YAH: KUHARIBIWA KWA MKE WANGU NA SURA YA SABA

Natumaini u mzima na shule inaendelea vizuri. Taa zenu naziona kila jioni kutoka kwenye cherehani yangu ng'ambo ya barabara, nikisubiri chakula ambacho siku hizi huchelewa kwa sababu za kitaaluma.

Mimi ni fundi nguo. Mtaa mzima unaniita Fundi Jicho, si kwa kuwa nina kijicho, bali kwa kuwa sipimi mteja kwa futi. Akiingia mlangoni namtazama mara moja, kifua, kiuno, urefu, basi, namwambia aje Ijumaa. Ule utepe wa kupimia kazi yake ni kuning'inia shingoni kwangu ili watu wajue fundi ni nani. Hakuna nguo iliyowahi kurudishwa dukani kwangu. Wateja wanatoka hapa wakielea, na ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mke wangu tunafanya naye kazi. Mimi nakata na kushona, yeye yuko chumba cha nyuma anatia vifungo na kupiga pasi, kazi ndogo ndogo. Shati moja la vifungo saba linaweza kumchukua siku nzima, nami sijawahi kumlalamikia, kwani si kila mtu kajaliwa wepesi wa mkono.

Alipoomba asome Kiingereza nilikubali. Nilijua atafundishwa rangi, siku za wiki na kuagiza chai. Kumbe mna Sura ya Saba, Kuona na Kudhani. Ndugu Mkuu, sisi tuna neno moja la heshima, "naona", na linatutosha. Naona mvua itanyesha. Naona umechoka. Naona shemeji hanipendi. Waingereza, kwa kukosa shughuli, wamelikatakata neno hilo kama mabaki ya kitambaa: kuna la kuona kwa macho, kuna la kutambua, kuna la kuelekea kuwa hivyo, na kuna la kudhani tu bila kuuliza mtu. Hilo la mwisho ndilo linalotumika zaidi nyumbani kwangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwalimu wenu kaagiza kila mwanafunzi afanye mazoezi na mtu wa nyumbani kwake. Mtu wa nyumbani kwake ni mimi. Nilisema jirani ameninunia, nikaulizwa nimeona nini hasa. Nimeona amepita bila kunisalimu. Mke wangu akaenda kumwuliza, akakuta bwana yule ametoka kung'olewa jino. Hivyo nimepokonywa ugomvi niliokuwa nautunza vizuri tu.

2. Mama mkwe. Siku zote nimesema anakuja kunikagua. Nikatakiwa nitaje nilichokiona kwa macho. Nilichokiona ni mama wa watu ameketi kitini anatafuna karanga. Sasa akija sina kisingizio, inabidi niketi naye.

3. Ugonjwa umeingia dukani. Bwana mmoja mwenye kiwanda cha matofali alikuja kushona shati. Namtazama, sijamaliza hata mabega, sauti ikatoka chumba cha nyuma, kwa adabu zote: "Baba Watoto, hicho kifua umekiona au umekidhani?" Mteja akacheka. Mteja akishacheka dukani kwa fundi, heshima imekwisha.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Binti yetu anaolewa Jumamosi, na gauni nalishona mimi. Mke wangu alitaka nimpime kwa futi. Nimpime kwa futi mtoto niliyemzaa? Nilimtazama akipita uani, nikaona kiuno kimepanuka. Nikaongeza kitambaa nikanyamaza, kama baba mwenye busara. Kisha nikafikiria lile ambalo baba yeyote angelifikiria. Nikamwita mkwe mtarajiwa, dereva wa lori, kijana mpole, nikamwambia najua kila kitu na nimemsamehe. Kijana akatokwa na jasho, hajui amesamehewa nini. Binti alipopata habari alijifungia chumbani akilia. Anasema gauni hilo halivai, na harusi inayoanza kwa kutukanwa na baba yake haitaki. Mke wangu hakulia. Aliniwekea futi mezani, akatamka neno moja la Kiingereza, lile la mwisho la Sura ya Saba, la kudhani bila kuuliza, akaondoka.

Basi, kama asingefundishwa kuuliza, nani angeuliza? Gauni lingevaliwa, keki ingekatwa, na kila mtu angeendelea kudhani lake kwa amani. Kwa hiyo naomba Sura ya Saba iondolewe kitabuni. Naomba pia mke wangu arudishwe Sura ya Sita, ambayo nasikia ni ya wanyama wa kufugwa, na mwalimu aje amwombe radhi binti yangu kabla ya Jumamosi. Macho yangu hayana tatizo lolote. Herufi za barua hii nimeziandika kubwa kwa heshima yako.

Wasalimie walimu wote, mlinzi wa getini na yule mama anayefagia ngazi. Mke wangu naye anakusalimu. Sijamwuliza, lakini naona anakusalimu.

Ni mimi, katika kuona,
Fundi Jicho

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilichukua futi ili niambatanishe vipimo kama ushahidi. Binti alikubali kupimwa kwa sharti nisiseme neno. Kiuno chake ni kile kile cha sare yake ya shule. Nikapima gauni, lingemwingia yeye na shangazi yake pamoja. Nikaona futi imevutika, nikaenda chumba cha nyuma kutafuta nyingine. Huko nikamkuta mke wangu na shati la yule bwana wa matofali, nililolimaliza jana, kalifumua pande zote mbili analishona upya. Nikamwuliza ameanza lini mambo haya. Akasema, "Tangu macho yako yalipoanza kuchoka, Baba Watoto. Nilikwambia kwa Kiswahili mara nyingi, ukasema nadhani tu."

Gauni amelipunguza yeye, binti amelivaa na ametoka chumbani. Mkwe nimemwomba radhi kwa kumsamehe. Sura ya Saba iacheni ilipo. Na ile methali ya vyaelea niliyoiandika pale juu usiifute, ni ya kweli kabisa. Aliyeviunda ndiye niliyekuwa nimemdhani tu, sikuwa nimemwona.