Karteri Mpya, Buati ya Moto na Komite Isiyokosea

Karuba, Jumatano

Kwa Papa Habumugisha,
Prezida wa komite ya ushirika wetu wa maziwa
(kwa mkono wa yeyote anayepanda kwa miguu, kwa kuwa gari limesimama)

Mheshimiwa Papa Prezida,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini ng'ombe wako wanakamuliwa vizuri na mgongo wako umepona tangu ulipoketi siku nzima ukinijadili. Mimi ni mtoto wako Gisa, yule aliyeendesha gari la maziwa kwa miaka tisa kabla komite haijagundua, juzi, kwamba sijui kuendesha.

Nimesikia kwamba Jumapili baada ya ibada nitanyang'anywa ufunguo mbele ya watu wote, na gari atapewa mkweo Ngabo. Ngabo ni kijana mzuri na ana kofia. Hata hivyo naomba malalamiko yangu yasomwe kwanza kwa sauti. Sina shamba, Papa, na sina kazi nyingine. Nina ule mlima wa kutoka Sake tu, na ninaupenda.

Kwa faida ya wajumbe ambao hawajawahi kuinama wakatazama chini ya gari: gari letu la jipu linalotumia mazutu, yaani dizeli, lile tuliloachiwa na mradi ulipofunga ofisi, lina buati ya vitesi, yaani giaboksi, inayojibadilisha yenyewe. Kwenye lami ni raha. Kwenye milima yetu mafuta ya buati yanachemka, gari linagoma, maziwa yanaganda, na shofere anatukanwa. Makanika Damien wa Sake alishauri tubadilishe karteri, yaani lile bakuli la chini linaloshika mafuta ya buati, tuweke ya alumini, pana zaidi, yenye mbavu nje za kupokea upepo. Mafuta mengi, upepo mwingi, joto kidogo. Hata ndama angeelewa. Komite ilihitaji miezi minne.

Basi karteri ilikuja, nikaifunga, na siku ile ile gari likachemka kuliko zamani, likazima kabla ya kona ya tatu. Komite ikatamka: kosa ni la shofere. Majibu yangu ni haya.

1. Karteri ilipofika haikupelekwa kwenye gari. Ilipelekwa sebuleni kwako, ikakaa majuma mawili mezani ikionyeshwa wageni. Nasikia watu walikula karanga kutoka humo. Chombo kilichozoeshwa kitambaa cha meza, mnashangaa nini kikikataa matope?

2. Mlibishana kama tuna ruhusa ya kubadilisha kitu kilichotengenezwa na Wazungu. Mjumbe mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa ni shemeji yako, alisimama akasema: “Hii gari ilizaliwa na karteri yake. Muntu akizaliwa na pua kidogo, ataenda kununua ingine?” Mkapiga makofi. Hakuna aliyemwambia kwamba pua haipandi milima ikiwa na bido ishirini, madumu mazima ya maziwa, mgongoni.

3. Mlisema ninakanyaga sana. Ni kweli, nakanyaga, maana mlima haupandwi kwa kutazamwa. Ngabo alipojaribu gari hakukanyaga kabisa, likarudi kinyumenyume mpaka kwenye mahindi ya Mama Béata, na ripoti ikaandika “jaribio zuri”. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

4. Wakati wa karteri ya zamani mlinituma Ntoto, kule Walikale, na mzigo wa fromaji, yaani jibini. Gari lilizima msituni mara tano. Mwindaji mmoja, Papa Noël, aliacha mtego wake akaja kutusukuma. Akaweka mkono chini ya buati, akautoa upesi, akasema: “Kaka, hii motokari iko na homa. Muilaze, musiipige.” Mtu wa msituni, kwa mkono mmoja na kwa mara moja, alijua tatizo ni joto. Komite ya watu kumi na mmoja, yenye sekretere na muhuri, inasema tatizo ni Gisa. Penye wengi hapaharibiki neno, wazee walisema, ila hawakusema kitu juu ya buati.

5. Nilipoomba mafuta zaidi kwa kuwa karteri ni kubwa zaidi, sekretere aliniuliza kama ninayanywa.

6. Kwa kuwa imethibitishwa kwamba komite haina kosa na mlima hauna kosa, naleta maombi yangu. Kwanza, huo mlima wa kutoka Sake, mlima wa Mushaki, usawazishwe, wajumbe wakitangulia na majembe. Hilo likishindikana, kikao cha komite kifanyike kila asubuhi mbele ya gari likitembea, maana upepo unaotoka katika mijadala yenu ungepoza buati mpaka igande. Na hilo nalo likishindikana, karteri ipewe kiti chako, Papa, na wewe upumzike. Ina mbavu, ina nafasi tumboni, na kazi yake ni kutuliza joto. Nitajieni mjumbe mwenye sifa hizo tatu.

Niseme wazi sasa: nimeumia. Wenye bunduki walipofunga barabara, nani alilala na maziwa yenu siku mbili kwenye kizuizi, akizibeba bido kivulini kila jua lilipogeuka? Sikuacha hata moja. Leo ninyi mnaonijua tangu nikichunga ndama mnasema mikono yangu inachoma buati.

Naapa mbele ya Mungu na mbele ya komite, kwa mpangilio huo: niliifunga karteri nikifuata kila neno la Damien, na ndani yake hakikuingia kitu ila mafuta ya buati. Atakayeonyesha tone la kitu kingine, nitampa ufunguo mimi mwenyewe nikiwa nimepiga magoti. Nyani haoni kundule, na komite yetu nayo iko juu ya mti.

Nakuaga nikichemka, lakini kwa adabu. Nisalimie Mama na watoto, ndama wapya, shemeji na pua yake, sekretere na muhuri wake. Msalimie pia Ngabo, umwambie breki ni ile ya kushoto.

Mimi mtumishi wenu kwa siku nne zilizobaki,

Gisa Nzabonimpa,
shofere

N.B. Bahasha ilikuwa bado wazi Damien alipofika na kuifungua karteri mbele yangu. Mafuta yametoka na povu, na filta imezibwa kabisa. Imezibwa na siagi, Papa. Siagi ya ng'ombe, na masizi chini yake.

Nimemwuliza mama yangu, Mama Kampire, naye hakuficha. Siku moja kabla ya kuifunga niliiacha karteri nyumbani kwake. Akaona chombo kipya, na wewe unajua desturi yetu: chombo kipya hakipokei maziwa kabla ya kufukizwa moshi wa majani na kupakwa siagi. Aliniuliza, “Gisa, hii chombo ya gari ya maziwa, niitengeneze?” Nami nilikuwa nakula, nikasema ndiyo bila kugeuza shingo. Kesho yake nikaiona inang'aa, nikafikiri alumini ndivyo ilivyo. Nikaifunga.

Alimaliza siagi ya juma zima, na huku anasugua aliziombea safari zangu, kona kwa kona, kwa majina. Sasa hivi amekaa mlangoni, ananiuliza kama imesaidia. Nimemwambia imesaidia sana.

Kwa hiyo futa namba moja hadi sita. Damien anasema tukiiosha vizuri gari litapanda bila shida, na Ngabo ataonekana fundi. Mpeni ufunguo. Ninaomba neno moja tu, Papa, na hili siandiki kwa mzaha: Jumapili semeni kosa ni la shofere, na jina la mama yangu lisitajwe.