Mashine ya Kujiundia

Jumapili moja asubuhi, kwenye uwanja wa mpira usio na magoli, mtu aliyejulikana kwa jina la Injinia alimwona daktari wa meno akikaribia kulia kwa sababu ya bawa, akajua riziki imekuja kwa miguu yake.

Bawa lilikuwa la ndege ya kuchezea, ingawa neno kuchezea halikutamkwa uwanjani hapo mbele ya wenye ndege, watu wazima wenye vyeo. Mabawa yao waliyachonga kwa kisu cha mkate na msasa, kutoka kwenye lile povu jeupe gumu linalozungushiwa televisheni mpya. La kushoto lilitoka nene kuliko la kulia, na ndege ikapaa, ikapinda, ikaanguka kwa heshima zote.

"Mashine za kulikata zipo," alisema daktari. "Waya wa moto, mota, kompyuta. Lakini bei yake ni ya gari."

"Ukinunua iliyokwisha kuundwa," alisema Injinia, ambaye mpaka dakika ile hakuwahi kusikia habari za mashine hiyo. "Ya kujiundia ni rahisi mno."

Neno hilo linastahili heshima kidogo. Anayeuza mashine mbovu husakwa na wateja wake. Anayeuza sanduku la kujiundia hasakwi na mtu, kwani mashine isipofanya kazi, aliyeiunda ni nani?

Injinia alikuwa anatafuta fedha za kufungua duka, na sababu yake ilikuwa mama mkwe. Tangu amwoe binti yake, mama huyo hakuwahi kumwita mkwe wala mwanangu. Alimwita huyo. "Huyo ameshakula?" "Mwambie huyo afunge mlango." Injinia aliamini kwamba mtu mwenye duka lenye bango haitwi huyo.

Mama mkwe alikuwa mpambaji wa kumbi. Katika karakana nyuma ya nyumba yake alikata herufi kubwa za povu kwa uta, yaani waya mwembamba uliovutwa kati ya ncha mbili za mti na kupashwa moto kwa umeme. Uta ulishikwa na watu wawili, mmoja kila upande. Waliufuatisha kwenye violezo vya mbao vyenye alama, wakiitana namba za alama hizo ili waende sawa. Injinia alimwendea akaomba mabawa machache.

"Huyo anataka mabawa ya nini?" mama alimuuliza binti yake, Injinia akiwa amesimama katikati yao.

"Ya maonyesho, mama."

"Alipe kwanza."

Mama na binti waliyakata. Kila bawa lilirudishwa ndani ya bonge lake kama kiini ndani ya yai, na mama akaandika humo namba yake ya simu kwa penseli, kama alivyoandika kwenye kila kitu kilichotoka karakana yake. Injinia hakuchungulia.

Maonyesho yalifanyika katika gereji ya daktari, mbele ya wenye ndege wenzake. Injinia aliweka bonge moja kwenye fremu yenye mota za printa zilizostaafu, akawasha. Mota zikalalamika. Waya ukapita polepole mahali palipokwisha kukatwa, na moshi kidogo ukatoka kwa ajili ya imani. Akainua kipande cha juu. Bawa lilikuwa limelala humo, jembamba, sawasawa. Rubani mstaafu alilipapasa kama mtu anayepapasa shavu la mjukuu.

"Kuiunda si kazi ngumu?" aliuliza mhasibu wa benki.

"Kwa mtu aliyesoma, hapana. Walioshindwa ni wawili tu, na wote waliacha shule mapema."

Walinunua wote. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na mota, vyuma, skrubu za kila ukubwa isipokuwa unaofaa, bonge moja la mfano, na maelekezo yaliyoishia hivi: Mashine isipofanya kazi, rudia tangu mwanzo kwa utulivu.

Jumapili chache uwanja ulikuwa kimya. Kisha mabawa yakaanza kutokea, mazuri kupita ya maonyesho.

"Vipi mashine, daktari?"

"Inakata kama siagi."

"Yangu ilinisumbua jioni moja tu," alisema rubani, akitazama mawingu. "Mambo madogo."

Injinia alirudi nyumbani akashindwa kula. Alijua alichofungasha. Mwongo hulala usingizi maadamu ana hakika kwamba anadanganya, na hakika hiyo ilikuwa imemtoka.

"Mama amenunua friji," mkewe alimwambia. "Anasema ni fedha za mabawa."

Alikwenda mbio. Karakana ilijaa mabawa hadi darini, na pembeni kitu kilichofunikwa shuka kilikuwa kikinguruma.

"Karibu, mkwe."

Injinia alitazama nyuma kuona ameingia nani. Hakukuwa na mtu.

"Mama, hicho ni nini?"

"Si mashine yako? Mhasibu alinitupia sanduku lake, nikajiundia. Wenzake wote wameshindwa. Wananipigia simu kwa kunong'ona."

Injinia alipima maneno hayo. Uta unataka watu wawili, na mkewe alikuwa nyumbani siku zote. Basi ni mashine.

"Ifunue niione."

"Ikiwa inakata haifunuliwi. Upepo unapotosha waya."

"Niuzie, mama."

"Siuzi. Ndiyo inayonilisha." Akakohoa. "Ila huu moshi na kifua changu hiki. Na wewe si mgeni. Wewe ni mwanangu."

Neno hilo moja lilifanya kazi ambayo maonyesho yake yote hayakuifanya. Jioni ileile Injinia alileta fedha za duka, zote. Mama alizipokea kwa mikono miwili.

"Nitaifungua vipandevipande ibebeke," alisema. "Utaiunda mwenyewe. Si wewe Injinia?"

Nyumbani alifungua sanduku. Alikuta mota zake, skrubu zake, maelekezo yake, na feni ndogo ya mezani ambayo hakuitambua mpaka alipoiwasha na kusikia ule mngurumo. Alifikiri kwenda kulalamika. Angesema nini? Kwamba mashine aliyoiuza si mashine? Au kwamba Injinia ameshindwa kuiunda?

"Vipi?" mkewe aliuliza.

"Inaendelea vizuri," alisema Injinia.

Duka lilifunguliwa kwenye barabara kuu, na bango lilikuwa na jina la mama. Kazi ilipozidi, mama alimwambia binti yake: "Huyo aje."

Siku ya kwanza Injinia alikuwa karakanani, ameshika ncha ya uta, wakati mlango wa nyuma uliposukumwa. Daktari wa meno aliingia bila kubisha, akatundika koti kwenye msumari alioujua, akakunja mikono ya shati, akaelekea moja kwa moja kwenye ncha ileile. Alikuta ina mtu. Walitazamana.

"Yangu iko kwenye matengenezo," alisema daktari hatimaye.

"Na yangu," alisema Injinia.

"Saba," alisema mama mkwe kutoka upande wa pili wa uta. Akangoja. "Huyo amelala? Nimesema saba."

"Saba, mama," alisema Injinia, akausogeza waya.