Mlingoti wa Baba Mdogo na Ngozi ya Mama Mdogo

Jumatatu, 3 Desemba 1956. Lamadi.

Likizo. Nimetoka kwetu Ngulyati kuja kwa baba mdogo Athanasi, mchuuzi wa samaki. Ana mashua ya tanga aliyoachiwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Imenizidi umri. Mlingoti wake husimama kwa nyaya nne za chuma: mbele, nyuma, na moja kila ubavu. Zote zina kutu.

Leo kwenye ugali ametangaza. Daraja limechukuliwa na mvua, basi haliji, na Klementina binti wa katekista lazima afike Mwanza kuanza masomo ya uuguzi. Mashua itampeleka Jumamosi. Atakayeshughulikia nyaya naye atapanda.

Klementina! Nina miaka kumi na saba na sijawahi kumwambia hata neno. Naweza kunyamaza mbele yake kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Sentensi ninayo tayari: je, naweza kukuandikia barua? Jumamosi isiposemwa, basi tena.

Nikajitolea. Nikasema shuleni tumesoma habari za meli. (Ukurasa mmoja. Nusu yake picha.)

Jumanne, 4 Desemba.

Ukaguzi. Nilizitazama nyaya kwa makini, mikono nyuma kama mwalimu mkuu. Nikatangaza kuwa ni nzima.

Akaja Mihayo, kijana mvuvi, na tonge la pamba mkononi. Akaanza kuipitisha pamba juu ya waya, taratibu, toka chini kwenda juu. Nikacheka! Nikamwambia kutu haing'arishwi kwa pamba. Akahamia waya wa pili. Alipomaliza, nyaya zilikuwa na vishungi vyeupe mahali saba. Akamweleza baba mdogo kwamba pamba inaponasa, hapo uzi wa chuma umekatika ndani. Baba mdogo akasema zote nne zibadilishwe.

Mihayo anakwenda kwa baiskeli kwa fundi wa kiwanda cha pamba, kuomba waya mpya. Kwa tope hili, siku tatu. Ameondoka akiniita Bwana Ukurasa. Nani kamwambia?

Hilo la pamba nilikuwa karibu kulisema mwenyewe.

Jumatano, 5 Desemba.

Nimepata! Kwetu nira ya ng'ombe hufungwa kwa ukanda wa ngozi uliolowa. Ukikauka, hata dume la Mzee Salu halifungui. Waya wa nini?

Mama mdogo Nyanjige alikuwa sokoni. Ngozi yake ya ng'ombe ya kulalia ilikuwa ukutani. Nakiri: sikuomba. Niliikata kwa kuzunguka, toka ukingoni hadi katikati, ukatoka ukanda mmoja mrefu ajabu. Aliporudi akauliza iko wapi. Nikasema inalitumikia kanisa.

Leo analala kwenye mkeka. Hasemi nami. Anasema na sufuria, kwa nguvu.

Alhamisi, 6 Desemba.

Niliondoa nyaya zote nne kwa mpigo, ili kuokoa muda. Mlingoti ukaangukia kichanja cha samaki. Hakuna aliyeumia ila sato, nao walikuwa wamekwisha kufa. Watu sita walikuja kuusimamisha. Maneno waliyosema kwa Kisukuma siyaandiki, hili ni daftari safi.

Nikafunga kamba nne za ngozi ile, niliyoilowesha usiku kucha. Kufikia saa nane jua lilikuwa limezikaza hadi zinalia ukizigusa. Baba mdogo akagusa moja, ikaimba. Akanipiga begani. Akasema kumbe shule inasaidia!

Ijumaa, 7 Desemba.

Mihayo amerudi, tope hadi kwenye nyusi, waya mpya begani. Akazigusa kamba zangu. Akauliza swali moja tu: zikilowa je? Nikamjibu kwa Kiingereza, kirefu. Akajikuna kichwa. Kisha akauweka waya wake mashuani chini ya kiti, eti usafiri tu. Mzigo wa bure!

Jumamosi, 8 Desemba.

Niandike upesi kabla aibu haijaisha nguvu.

Tuliondoka vizuri. Baba mdogo kwenye usukani, Mihayo mbele, Klementina katikati na sanduku lake la bati. Mimi karibu naye. Upepo safi. Nikafungua mdomo.

Mvua.

Kwanza kamba ziliacha kuimba. Halafu zikalegea kama utumbo. Mlingoti ukaanza kuinama, polepole, kwa adabu, kama mkwe anayesalimia. Baba mdogo akapiga kelele. Tanga likatushukia mimi na Klementina, likatufunika gubigubi.

Tulikuwa wawili tu. Giza. Puani mwangu harufu ya ngozi. Nafasi ambayo hata kwa mpango nisingeipata! Nikavuta pumzi. Nikasema:

"Shikamoo."

Tanga likasogea kidogo.

"Marahaba," akasema Klementina.

Ni mdogo kwangu kwa miezi minne.

Mihayo alipiga kasia, akaturudisha ufukweni Lamadi.

Jumatatu, 10 Desemba.

Jana Mihayo alifunga waya wake. Kila upande alitanguliza kamba ya kushikilia, ndipo akafunga waya, akaukaza, akahamia mwingine. Mlingoti haukutikisika. Alfajiri hii wameondoka. Kwenye nafasi yangu wamepakia magunia ya dagaa.

Klementina ameniachia salamu kwa mama mdogo. Mama mdogo amenifikishia, amekunja uso, lakini tumbo linamcheza kwa kicheko. Klementina kasema: "Mwambie yule mwanangu asome kwa bidii."

Nimekaa nikafikiri sana. Kosa nimeliona. Si ngozi! Ngozi haikupakwa samli. Ikipakwa samli, maji yatateleza. Klementina atarudi likizo ya Pasaka, na lazima iwepo mashua ya kumchukua.

Baba mdogo amemnunulia mama mdogo ngozi nyingine, nene kuliko ile. Imetundikwa juu, karibu na dari. Ngazi ninayo.

Jumatano ni siku ya soko.