Makala Yenu ya Nyasi Imetuharibia Mama

Kwa Ndugu Mhariri wa ukurasa wa "Nyumba na Uwanja",

Kwa heshima zote, na nikitumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na wote unaokaa nao chumba kimoja cha habari, naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Mimi si mtu wa kugombana na magazeti. Ni mkaguzi wa madai katika kampuni ya bima, nina meza yangu na kiti cha kuzunguka, na kwa miaka mingi nimelinunua gazeti lenu kila Jumapili bila kuwauliza lolote. Nikishasoma michezo, humpelekea mama yangu, ambaye huanzia nyuma, kwenye matangazo ya vifo, aone nani ameondoka bila kumuaga.

Kwa hiyo mkono uliompelekea mama makala yenu ya kutunza uwanja mkubwa kwa mashine ya kufyekea nyasi, ile yenye kamba inayozunguka, ni mkono wangu. Hilo nalikubali. Yaliyofuata ni yenu.

Ili unielewe, nikueleze kidogo hali ya nyumbani. Mama ni mkunga mstaafu. Mtaa mzima humwita Sista, hata watu wenye mvi, kwa sababu wengi wao aliwapokea yeye. Tangu baba afariki anaishi peke yake katika nyumba yenye uwanja ambao ukisimama getini huuoni ukuta wa nyuma. Tuko watoto watatu: mimi kifunguamimba, mdogo wangu wa kiume ambaye ni dalali wa viwanja, na dada yetu kitindamimba, mwenye duka la vitambaa na chumba kitupu katika jengo hilohilo, ghorofa ya tatu. Kwa upendo mtupu tulikubaliana kwamba mama amezeeka, kwamba uwanja ni mzigo, na kwamba kile chumba kina upepo mzuri. Lililobaki lilikuwa kumwambia.

Sasa, Ndugu Mhariri, nani amwambie? Mimi nilisema dalali ndiye mwenye maneno. Dalali akasema kitindamimba ndiye kipenzi. Kitindamimba akasema hayo ni mambo ya mkubwa. Mwishowe tukaona ni busara kuziachia nyasi kazi hiyo. Mtunza bustani wa siku nyingi tulimshukuru, tukamwomba apumzishe mgongo wake, na mama tukamwambia kwamba mzee yule anaumwa. Mvua zikanyesha. Nyasi zikafika magotini, zikafika kiunoni. Tulikuwa tunangoja zifike dirishani, mama atamke mwenyewe kwamba yamemfika shingoni. Ulikuwa mpango wa amani kabisa. Ndipo mkachapisha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mliandika kwamba mashine hiyo "inaweza kutumiwa na mtu yeyote mwenye afya ya kawaida." Hamkuweka ukomo wa umri. Hamkuandika "isipokuwa mama za watu." Mama alilisoma neno "yeyote" akajiona. Aliukata ukurasa kwa mkasi, akaubandika kwenye mlango wa friji palipokuwa na picha za wajukuu, akaenda duka la vifaa. Muuzaji ameniambia kwamba alimtolea ile nyepesi ya umeme, kwa heshima. Mama akamuuliza waya wake unafika wapi. Alipoonyeshwa, akasema uwanja wake unaanzia pale waya unapoishia, akataka ya petroli. Aliipakata, akainyanyua kidogo kuipima, akasema imezaliwa na uzito mzuri.

2. Mlishauri mtumiaji avae miwani ya kukinga macho, viatu vigumu na nguo nzito. Ushauri huo umetekelezwa kupita kiasi. Jumapili iliyofuata nilikuta uwanjani mtu aliyevaa buti za marehemu baba zilizojazwa soksi mbele, aproni ya mpira ya wodini, na miwani kama ya mchomeleaji vyuma. Nilimuuliza mama yuko wapi. Mtu yule alizima mashine kwanza, kwa kuwa ninyi mmesema watu wasizungumze mashine ikinguruma, akapandisha miwani, kumbe ndiye. Nilimweleza kwa upole kwamba kazi hii itamuumiza. Alinitazama kama anavyotazamwa mume anayezimia mlangoni mwa chumba cha kujifungulia.

"Mwanangu," akasema, "mikono hii imepokea watoto waliotanguliza miguu. Nyasi zote zinatanguliza kichwa."

Sisi wa bima hatufundishwi kujibu maneno ya namna hiyo.

3. Mlisema uwanja mkubwa usivamiwe wote kwa siku moja, bali ugawanywe vipande. Kwa watu wenye papara ni ushauri mzuri. Kwa mkunga ni hatari. Mama ameugawa uwanja kuwa wodi. Mbele ya baraza ni mapokezi. Kwenye kamba za nguo ni wodi ya wazazi. Nyuma ya tangi la maji, penye majani magumu na mawe, ni chumba cha upasuaji. Kila asubuhi kabla jua halijawa kali anapita wodi moja, mkanda wa mashine begani, akiizungusha nusu duara kutoka kulia kwenda kushoto kama mlivyoelekeza. Hachimbui udongo wala hagusi mashina ya miti. Sisi tulitegemea walau mgongo utamtia adabu. Anasema ndiyo, unamuuma kidogo, ila siku hizi analala bila kuhitaji redio izungumze mpaka asubuhi. Sikujua kwamba alikuwa akilala na redio.

4. Dalali alikuwa amekwisha kupata mnunuzi, mkandarasi mwenye uwezo wake, aliyeonyeshwa uwanja kwa mbali na kuambiwa ni pori. Siku aliyokuja kuuona kwa karibu, pori halikuwapo. Palikuwa na uwanja uliolala kama kitanda kilichotandikwa, na mama amechuchumaa anabadilisha kamba ya mashine. Mdogo wangu, mtu anayeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe, alipata kigugumizi. Akamtambulisha mgeni kuwa ni rafiki anayependa maua. Na mkandarasi, badala ya kuuliza hati, akauliza mama amewezaje kukata kandokando ya ukuta bila kuchubua rangi. Akajieleza kwamba kwake kuna uwanja unaomshinda na mkewe hampi amani. Haukupita muda alikuwa amevua koti, amefungwa mkanda, anaambiwa asikaze mabega na ashushe pumzi. Alikuja mnunuzi, akaondoka mwanafunzi, na nakala ya makala yenu mfukoni. Sasa huja kila Jumamosi na mashine yake. Habari za kununua hazigusi tena, na mdogo wangu akimpigia simu anaulizwa bei ya oili.

5. Wala haji peke yake. Yupo mwalimu mkuu mstaafu, yupo fundi cherehani wa pale kona, na wengine ambao zamani Jumamosi walikuwa wakishinda wamekaa na kuumwa. Mtaa unanguruma mpaka saa ya chakula. Mke wangu alikwenda kutazama mara moja tu. Aliporudi alisimama kwenye uwanja wetu, ambao unaweza kuenea barazani kwa mama na nafasi ikabaki, akautazama, akanitazama mimi, akaingia ndani. Tangu hapo chai yangu haina sukari na sijathubutu kuuliza sababu.

6. La mwisho naliandika shingo upande. Mama alituita sote watatu. Tulikaa barazani kama wagonjwa wanaosubiri majibu. Akatueleza kwamba amekutana na mtunza bustani kwenye foleni ya duka la dawa, akampa pole ya ugonjwa, na mzee wa watu akashangaa. Hakuwa anaumwa. Aliambiwa na watoto apumzike, naye hakutaka kuuliza maswali. Tuliinamisha macho. Dalali alianza sentensi kadhaa na hakumaliza hata moja. Kitindamimba alilia kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe kilio chake hakikumsaidia. Mama hakupandisha sauti.

"Mlitaka nyasi ziniambie mlichoogopa kuniambia," akasema. "Nimezisikiliza. Hazikusema nihame."

Kisha akainuka akatugawia wodi. Kitindamimba alipewa mapokezi, dalali wodi ya wazazi. Mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye niliyekaa na mama miaka mingi kuliko wote pasipo kumwambia lolote la maana, nikapewa chumba cha upasuaji. Kila Jumamosi. Hakuuliza kama tuna nafasi.

Kwa sababu hizo, Ndugu Mhariri, naomba yafuatayo bila kinyongo. Mchapishe sahihisho, ukurasa uleule na herufi za ukubwa uleule, kwamba neno "yeyote" haliwahusu wazazi. Mzishauri mamlaka kwamba mtu wa umri wa mama asiuziwe mashine yoyote inayonguruma mpaka alete idhini ya maandishi kutoka kwa mtoto wake wa kwanza. Mwandike makala ndefu juu ya raha za ghorofa ya tatu, yenye picha za ngazi zilizopigwa kwa namna ambayo haionyeshi zilivyo nyingi. Na kuanzia sasa msiandike jambo lolote ambalo mzee anaweza kulisoma akalielewa. Mkishindwa, nitaacha kulinunua gazeti lenu, na mama itabidi aende kulinunua mwenyewe, jambo ambalo sasa ninajua analiweza.

Nisalimie mwandishi wa makala ile. Simchukii, ila ningependa kujua kama mama yake yu hai na anakaa wapi. Wasalimie wapanga kurasa, mpiga picha, anayewapikia chai na mlinzi wa mlangoni. Huku kwetu sote tu wazima, mabega tu ndiyo yanauma.

Wako katika masikitiko na jasho,

Kifunguamimba wa Sista

Tanbihi: Barua hii imekaa mfukoni mwangu juma zima, na sasa ninapoifunga naomba msiichapishe. Jumamosi hii nilimaliza kipande changu, nikajikokota mpaka ngazini nikakaa. Mama akatoka, akaukagua mstari wangu wa ukutani taratibu, nami nikangoja kama mwenye mtihani. Akasema imebaki kona ya kushoto. Halafu akakaa kando yangu, akanisimulia jinsi baba alivyokuwa akiikwepa kona hiyo kwa visingizio vya kila aina, tukacheka, tukazungumza mpaka chai ikapoa. Hatukuwa tumezungumza hivyo tangu msiba. Kile chumba, dada amempangisha fundi viatu. Sahihisho liacheni. Ninachohitaji ni jibu kabla ya Jumamosi: kwa majani magumu yaliyoota katikati ya mawe, inafaa kamba ya mviringo au ile yenye pembe? Yangu inakatika kila mara. Ningemuuliza mama, lakini nataka akitoka aikute kona imekwisha.