Malalamiko Kuhusu Mwenyekiti na Friza Yetu

Kwa Baba Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mgongo umetulia, na Mama Mkwe ameacha kukufichia kopo la chumvi. Sisi huku kwa viwango vya daktari hatujambo. Kwa viwango vya mwanamume mwenye nyumba yake, hali si hali.

YAH: KULISHWA KWA SAMAKI WA BINTI YAKO, NA KUTOLISHWA KWANGU

Najua mambo ya chumbani hayaanikwi uani. Lakini wewe si mtu wa nje. Siku uliyonikabidhi binti yako ulinishika bega ukasema, "Ukiona lolote, njoo kwangu kwanza." Nimeona. Nimekuja.

Nianze na kilichotufikisha hapa. Kama ujuavyo, binti yako ni daktari wa meno na mimi ni msoma mita za maji. Mtoto wetu wa mwisho alipoolewa, nyumba ilibaki kimya hata saa ya ukutani ikawa inatukera. Ndipo mgonjwa wake mmoja, aliyekuwa anahama, akamwachia tangi la kioo la maji ya chumvi, refu kama kitanda cha mtoto, likiwa na samaki wanne. Watatu sina ugomvi nao. Wa nne ni bunju, yule samaki anayejivimbisha akiudhika. Ana macho ya mtu anayesubiri kusomewa mapato na matumizi, na kwa sababu hiyo mke wangu akamwita Mwenyekiti. Siku ile nilicheka. Sasa sicheki.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Friza. Droo ya juu ni ya kamba na uduvi. Ya kati ni ya ngisi na kome. Ya chini ni ya mwani, pamoja na kitu kinachoitwa akiba ya Mwenyekiti. Kuku wangu, ambaye nilimchagua mwenyewe, anaishi kwenye friji ya jirani yetu fundi redio. Kila nikienda kuchukua paja, sharti kwanza nikae nisikilize habari za tumbo la fundi. Nilipomuuliza mke wangu kwa nini, akanijibu kwa upole, "Kuku atawatia ngisi harufu." Baba, mimi umri wangu wote nilidhani harufu ni kazi ya ngisi.

2. Manunuzi. Nilimsindikiza kwenye duka la samaki wa kugandishwa. Alishika pakiti mojamoja, akaigeuza, akaigonga kwa kucha, akaiinua kwenye taa kama anasoma picha ya taya. Yenye chembe za barafu ndani aliirudisha. Yenye vipande vilivyogandamana alimrudishia mwuzaji mkononi. "Hii iliyeyuka njiani, mkaigandisha tena," akamwambia. Iliyopikwa hataki, iliyotiwa chumvi hataki, iliyotiwa viungo hataki hata kuiona. Mimi nikashauri tununue moyo wa ng'ombe tukatekate, mambo yaishe. Akanitazama kama mgonjwa aliyesema anasugua meno kwa msumari. "Samaki wa baharini hawezi mafuta ya ng'ombe," akasema. "Wa baharini ale cha baharini."

Kisha akakumbuka kwamba na sisi tunakula. Akanyoosha mkono bila kuangalia, akachukua pakiti ya kwanza iliyogusa vidole vyake. Ilikuwa njegere. Hata tarehe hakusoma. Mwuzaji aliniangalia akasema, "Pole, kaka," na alikuwa anamaanisha.

3. Matayarisho. Kipande cha chakula kinawekwa kwenye kikombe chenye maji ya tangi, na kikombe kinaingia kwenye friji kiyeyuke taratibu. Maji ya moto marufuku. Jua marufuku. Kikishayeyuka kinamwagwa kwenye chujio langu la chai na kusuuzwa, ili ule mchuzi wake usichafue maji ya Mwenyekiti. Halafu tone la vitamini. Halafu maji ya kitunguu saumu, kumfungulia hamu. Halafu mkasi wa hospitali unakata vipande, kila kipande kisizidi jicho la mlaji.

Mimi narudi jioni, miguu imevimba kwa kupanda vilima, nakuta wali umefunikwa kwa kifuniko cha sufuria nyingine. Nikiuliza kama unaweza kupashwa moto, naambiwa, "Jiko si liko hapo?" Jicho langu halijawahi kupimwa na mtu. Nimelipima mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni. Kwa kanuni ile ya mkasi, matonge yangu yote tangu utotoni yalikuwa hatari kwa maisha.

4. Aina za vyakula. Leo kamba, kesho kome, keshokutwa ngisi na mwani pembeni. "Akila uduvi peke yake atashiba tu, mwili hautapata kitu," mke wangu ananieleza. Mimi ni maharage. Nilipomuuliza kama nami mwili wangu hautapungukiwa, akasema, "Wewe unapenda maharage." Baba, ni kweli niliwahi kusema hivyo. Ilikuwa wiki ya kwanza ya ndoa na nilikuwa natafuta heshima.

5. Meno. Hapa naomba ukae vizuri. Meno ya bunju hayaachi kukua. Asipopata kitu kigumu cha kutafuna, yanarefuka mpaka yanamziba mdomo, kwa hiyo Mwenyekiti hula kome na kamba pamoja na maganda yao. Na siku moja, maganda yalipokuwa yameadimika dukani, binti yako alimtoa kwenye maji, akamfunga kwa kitambaa kilicholowa, akampunguza meno kwa vifaa vyake vya kazi huku akimwambia, "Pole baba, tunamaliza." Wakati huo mimi nimesimama mlangoni na jino langu la nyuma linanipwita. Nilipoligusia, akaniambia nipitie zahanati nikachukue namba kama wengine. Nikamwambia huyo mbona hakuchukua namba. Akasema, "Huyu ana meno manne. Wewe una akiba."

6. Mkuu wangu wa kazi. Hili ndilo lililonifikisha kwenye kalamu.

Nilimwalika Mkuu chakula cha jioni ili, akishashiba, nimwombe anitoe kwenye njia ya vilimani anipe ya tambarare. Binti yako alikuwa amechelewa zahanati. Nikafungua friza nitafute kamba, nikakutana na pakiti isiyo na jina, ndani yake vipande vya mraba vilivyopangwa vizuri kama sabuni. Vilinukia bahari na kitunguu saumu. Nikavikaanga na vitunguu maji na nyanya, nikavimwaga juu ya wali.

Mkuu alikula. Akaongeza. Akaongeza tena, akafuta sahani kwa kipande cha mkate. Mke wangu aliingia, akamwamkia kwa adabu zote, akaitazama ile sahani, akaenda jikoni. Nikasikia droo ya chini ikifunguliwa, ikifungwa. Akarudi, akakaa mkabala na Mkuu.

"Mkuu, unajisikiaje?"

"Mama, sijawahi kula kitu kama hiki."

"Nakuamini," akasema binti yako.

Ilikuwa ile akiba ya Mwenyekiti: ngisi, kome, uduvi na mwani, vyote amevisaga mwenyewe na kuvigandisha pamoja na vitamini zake. Baada ya chakula Mkuu alisimama mbele ya tangi, akatazamana na Mwenyekiti kwa kitambo, wakafanana. Akaniambia, "Una bahati. Mkeo anajua kutunza."

Tangu siku ile, Baba, kila tukikutana koridoni Mkuu ananivuta pembeni na kuuliza, "Kile kitu kipo?" Wafanyakazi wenzangu wanasema ngozi yake imeanza kung'aa. Mke wangu anasema ni vitamini; huleta rangi. Uhamisho wangu uko mezani kwa Mkuu unasubiri sahani ya pili, na sahani ya pili iko kwenye droo ya chini, na binti yako ametia kufuli. "Mkuu wako ana mshahara," anasema. "Mwenyekiti hana." Mimi bado niko vilimani, na mbwa wa huko sasa wananijua kwa sura.

7. Majibu ya jumla. Sikutaka kuja kwako kabla ya kuzungumza naye kiutu uzima. Nilimkalisha nikamwambia kwamba katika nyumba hii samaki anatunzwa kuliko mume. Sikupandisha sauti. Alikuwa anasuuza chujio. Akasema, "Nikiingia mlangoni anakuja kwenye kioo. Nikimpa chakula, naona kabisa kwamba kimemfurahisha. Wewe hujaniambia kitu kitamu tangu harusi ya mtoto."

Naliweka lalamiko hili hapa kwa sababu si haki mtu kumshinda mwenzake akiwa ameshika chujio lake.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, umwandikie binti yako umkumbushe kwamba mume naye ni kiumbe. Pili, friza igawanywe kama mirathi, na mimi nipewe angalau droo moja. Tatu, yakishindikana hayo, basi nihesabiwe rasmi kuwa samaki. Sifa ninazo. Maisha yangu yote yanategemea maji. Nikiudhika navimba na sisemi. Nalala macho yakiwa nusu wazi, hilo Mama Mkwe aliliona mwenyewe tulipokuja kwenu. Nikishaandikishwa, nadai ngisi, kome, vitamini na kusubiriwa.

Nne, na hili naliandika kwa masikitiko: ikiwa hata hilo la tatu haliwezekani, mwite binti yako nyumbani pamoja na tangi lake, akae kwenu mpaka wazee watakapokutana. Friza aniachie.

Anasafiri kesho kwenda semina ya madaktari wa meno na ameniachia kazi ya kulisha, jambo ambalo nimelipokea kwa kinyongo. Nitaitia barua hii posta mara atakapoondoka.

Msalimie sana Mama Mkwe. Wasalimie mashemeji wote, wakubwa kwa wadogo, na yule shangazi anayenidai kanga. Wajukuu wabusu vichwani. Majirani wanaonikumbuka waambie nipo, nimepungua kidogo.

Ni mimi mkweo mtiifu, ninayekula wa mwisho,

Msoma Mita

N.B. Baba, barua hii haikwenda posta siku ile. Mke wangu alipoondoka Mwenyekiti aligoma kula. Nilimwekea kamba, akageuka akatazama ukuta. Nikamwekea ngisi, vilevile. Nikaogopa. Nikavuta kiti, nikayeyusha kome polepole, nikamsuuza, nikamshika kwa kibano na kumtikisa majini ili aonekane hai, nikakaa hivyo mpaka mkono ukafa ganzi. Mwishowe Mwenyekiti alikuja, akamvuta kome kutoka kwenye kibano, akamvunja ganda, na nakuapia alinitazama. Sasa nikifungua mlango anakuja kwenye kioo kabla sijavua viatu. Kazini nimeomba ruhusa ya kurudi mapema. Mkuu alipoulizia kile kitu, nilimwambia kimekwisha.

Kwa hiyo naomba usome haya ya juu kama mwandiko tu, maana ni mzuri na nimeona vibaya kuuchana. Lile ombi la nne libadilishwe hivi: ukitaka kumwita binti yako nyumbani, mwite, apumzike, lakini aje peke yake. Mwenyekiti ameshazoea mkono wangu. Na wewe ukija kututembelea, tafadhali tuletee kome wenye maganda. Pakiti yenye barafu ndani iache hukohuko.

Jana mke wangu alipiga simu. Akauliza, "Umekula?"

Nikamwambia, "Amekula kome wawili na kamba mmoja, na choo chake ni kizuri."

Akasema, "Nimekuuliza wewe."

Ikabidi nifikiri.